Nepi za mtoto wa kwanza: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kitanda unanunua mara moja. Beseni mara moja. Nepi ndiyo gharama inayokufuata kila siku kwa miaka miwili na zaidi, na ndiyo wazazi wapya huikimbilia kwa pupa mtoto akiwa bado tumboni. Mtoto mchanga hubadilishwa mara 8 hadi 12 kwa siku. Piga hesabu: mwezi wa kwanza peke yake ni nepi 240 hadi 360. Tofauti ndogo ya bei kwa nepi moja, ukiizidisha hivyo, inakula pesa ya kitanda.

Sisi tulinunua pakiti nne za saizi ndogo kabisa kwa sababu zilikuwa zimepunguzwa bei. Mtoto akaja na kilo 3.8 na hamu ya kunyonya isiyo na mfano, na kabla mwezi haujaisha lastiki ilikuwa inamchora mapajani. Pakiti mbili tukazigawa hata hazijafunguliwa. Kwa hiyo nikipanga hapa chini, naipanga kwa jicho la mtu aliyekwisha kuumia.

Nafasi ya kwanza naipa mchanganyiko: nepi za mraba za pamba mchana, pampasi usiku. Ule mraba mwepesi wa kukunja ndio bora kwa mfuko mdogo kuliko chochote kingine. Ukiukunjua ni tabaka moja tu, kwa hiyo unasafishika vizuri na kukauka haraka kuliko nepi nene iliyoshonwa. Mtoto akikua unabadilisha mkunjo, hununui saizi nyingine. Ukifua siku moja na kuruka siku moja, vipande 20 hadi 24 vinatosha, pamoja na chupi nne au tano za plastiki za kuvalisha juu. Usiku mambo ni mengine. Pampasi ina chembechembe zinazogeuka ute zikinyonya mkojo, ndiyo maana mtoto hukaa mkavu kwa saa nyingi na wewe ukapata usingizi. Pampasi moja au mbili kwa usiku haziwezi kukufilisi.

Pamba ina faida nyingine ambayo sikuijua mpaka nikawa naye mkononi. Kuanzia siku ya tano hivi, mtoto anayepata maziwa ya kutosha hulowesha nepi sita au zaidi kwa siku. Kitambaa kikilowa unakijua kwa kugusa tu. Pampasi hukuacha ukibinyabinya na kukisia. Ukiitumia siku hizo za mwanzo, tandika kipande cha tishu ndani, kikilowa utakiona.

Ya pili ni miraba mitupu, mchana na usiku. Ndiyo rahisi kuliko zote kwa pesa, lakini inadai maji, sabuni na mtu wa kufua, na huyo mtu asiwe mama aliyejifungua juzi. Kama maji kwenu ni ya kununua, yaingize kwenye hesabu kabla ya kujisifu kwamba umebana matumizi.

Ya tatu: nepi za kisasa za mfuko, zenye vifungo na kitambaa cha kuchomeka ndani. Zinapendeza, na hata mtu asiyewahi kushika mtoto anaweza kuzifunga. Ila bei ya kuanzia ni kubwa, na ingawa nyingi huandikwa kwamba zinafaa tangu kuzaliwa, kwa mtoto wa kilo tatu zinakuwa kama mto uliofungwa kiunoni. Mkojo unavujia mapajani. Mimi ningesubiri afike miezi miwili, kisha nitafute zilizotumika. Hapo angalia vitu viwili tu: vuta lastiki uone kama inarudi, na inua kile kitambaa cha nje kwenye mwanga uone kama utando wake umebanduka. Ukishabanduka, haizuii maji tena.

Ya mwisho ni pampasi peke yake. Si kwamba ni mbaya. Ni kwamba hulipi ukamaliza. Ukiamua hivyo, linganisha bei ya nepi moja moja, usidanganywe na ukubwa wa pakiti, na ununue pakiti moja tu ya saizi ndogo. Zinazobaki nunua saizi inayofuata. Pampasi iliyozidi kidogo inavalika, iliyobana haivaliki.

Vyovyote utakavyochagua, sehemu ya mbele ikunje chini ya kitovu mpaka kidonda kikauke na kipande kile kianguke, kwa kawaida ndani ya wiki moja hadi tatu. Choo cha siku mbili tatu za kwanza ni cheusi na kinanata kama lami, kwa hiyo zile siku tumia pampasi bila kujilaumu. Nepi za kitambaa usizitie dawa ya kulainisha nguo: huacha utando kama mafuta, kitambaa kikakataa kunyonya. Madoa ya manjano yanayobaki baada ya kufua, anika nepi ikiwa mbichi kwenye jua kali. Jioni ukianua utayatafuta usiyaone.