Kamera ya kukagua chupa: Etheneti au USB 3.0?

Mwenye kiwanda cha maji kando ya Barabara ya Nyerere anayetaka kamera ya kukagua vizibo na lebo lazima achague kwanza waya wa kuiunganisha na kompyuta: Etheneti (waya wa mtandao) au USB 3.0.

Kwa kasi, USB 3.0 inashinda. Hubeba gigabiti 5 kwa sekunde, Etheneti ya kawaida 1 tu. Kwa picha za rangi nyeusi na nyeupe zenye pikseli milioni 1.3, Etheneti hufikisha takribani 90 kwa sekunde. USB huzidi 200.

Lakini hesabu chupa zako. Mtambo unaojaza chupa 36,000 kwa saa hupitisha 10 kwa sekunde, kwa hiyo hizo 90 zinatosha na kubaki. Kinachosumbua zaidi ni urefu wa kebo. Ya USB kwa kawaida haivuki mita 5, hivyo kompyuta inabaki palepale penye maji yanayoruka, juu ya joto na unyevunyevu wa Dar. Ya Etheneti hufika mita 100, na kompyuta ikakaa salama ofisini. Mimi ningechukua Etheneti bila kusita.

USB iende kwenye vitu vinavyopita kwa kasi kubwa, kama vidonge vya dawa.

Kwa zote mbili, dai sensa (kihisi cha picha ndani ya kamera) inayonasa picha nzima kwa mpigo mmoja. Inayosoma mstari kwa mstari hupindisha umbo la chupa inayotembea.