The Craft: nimekwama kwenye nywele za Laura

Jambo yenu, watu wa Bukavu na wa mbali, muko bazima? Leo niko hapa Ibanda, ziwa liko nyuma yangu, na kuna filamu ya zamani imenikaa rohoni wiki nzima. The Craft, ya 1996, ya Andrew Fleming. Kwa Kifaransa inaitwa Dangereuse Alliance, basi ukienda kuitafuta taja jina hilo.

Wasichana wanne, shule moja ya Kikatoliki kule Los Angeles. Sarah ni mgeni, ametoka San Francisco. Nancy, Bonnie na Rochelle wanafanya uchawi, na walikuwa wanamngoja wa nne, ili pande nne za dunia zitimie. Bonnie anaomba makovu ya moto yamtoke mgongoni. Sarah anaomba apendwe na kijana aliyemchafulia jina. Nancy anataka nguvu zote. Wanapewa.

Mimi nataka tukae kwa Rochelle. Kati yao mweusi ni yeye tu, na Laura, mzungu wanayeruka naye majini shuleni, anamtukana rangi yake machoni pake. Rochelle anamwombea mabaya. Nywele za Laura zinaanza kung'oka. Halafu tunamkuta bafuni, ameketi chini, analia, kichwa kimebaki mabaka, na Rochelle anamwona. Jamani, mimi ni msusi. Najua uso wa mama anayeona nywele zake zinabaki kwenye kitana. Nilisimamisha video, nikanywa maji kwanza. Tusi lilimuuma Rochelle kweli, na haki hakuipata pale.

Nancy naye: baba wa kambo anakufa kwa moyo, bima inalipa dola 175,000, mama yake ananunua mashine ya muziki ya kupiga nyimbo za Connie Francis tu. Hapo ndipo filamu ina nguvu. Nyoka na wadudu wa mwishoni ni kelele tupu, havikunishtua.

Na kuna kitu kimeniuma. Kwa Sarah tunaingia, kwa Nancy tunaingia. Kwa Rochelle hatufiki. Mama yake ni nani? Akirudi na lile tusi moyoni, nani anamfungulia mlango?

Wazazi, musiwaachie watoto waiangalie peke yao. Kule wasichana wanajiita wachawi wenyewe. Huku kwetu jina la mulozi unabandikwa na jirani, na mara nyingi anayebandikwa ni mama mjane asiye na wa kumtetea. Siku hiyo hiyo anaweza kukosa nyumba.

Mimi niliiangalia na binti ya dada yangu, ana miaka 17. Ilipoisha akanyamaza, kisha akaniuliza: "Tantine, kama Rochelle angemwomba Laura msamaha pale pale bafuni, nywele zingerudi?"

Nilikosa cha kumjibu. Niandikieni hapo chini, nitamsomea jioni.