Shela hadi Kipungani kwa miguu: uzoefu wangu na kiongozi wa matembezi Lamu

Mkaazi wa Nairobi akitaka matembezi magumu ya siku moja ana pa kuchagua: Ngong, Kilimambogo, au Longonot yenye mita 2,776. Asubuhi yuko kileleni, jioni yuko kwake. Mimi sasa naishi Lamu, kisiwa kisicho na mlima, na wenzangu wa bara hunihurumia kwa hilo. Wasinihurumie. Ufuo unaoanzia Shela na kufuata bahari kuu kuelekea Kipungani una kilomita 12 hivi, hauna kivuli, na umenichosha kuliko Longonot.

Ugumu wake ni mchanga, jua na maji, na mwenye amri ni maji. Bahari ikijaa inakusukuma juu kwenye mchanga mkavu, mguu unazama hadi kifundo, unakwenda huku hufiki. Ikipwa, inaacha ukanda wa mchanga mgumu uliolowa, na hapo ndipo mtu hutembea. Programu ya ramani iliyo kwenye simu yangu imeiandika njia hii kuwa nyepesi kwa sababu ni tambarare. Inapima umbali na mwinuko, lakini haina habari na kupwa na kujaa. Ndiyo maana nasema: hapa lipia kiongozi.

Wangu nilielekezwa na jirani huku Langoni, mtaa wa mji wa Lamu. Ni mvuvi wa zamani, sote tukimwita ami. Swali lake la kwanza lilikuwa tarehe. Alitaka siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu, kwa kuwa wakati huo maji hupwa sana na mwisho wa kupwa huangukia mnamo saa nne asubuhi. Basi tukaondoka Shela saa moja, maji yakitoka, ufuo ukizidi kupanuka mbele yetu. Kupwa husogea kwa dakika 50 hivi kila siku, kwa hiyo saa iliyofaa leo haitafaa baada ya siku nne.

Njiani alikuwa akiugonga mchanga kwa kisigino. "Usikanyage panapong'aa, mwanangu, kanyaga palipofifia." Panapong'aa bado pamejaa maji, panabonyea. Palipofifia maji yameshachujika, pamekaza kama sakafu. Baada ya kuelewa hilo, mwendo wangu ulibadilika kabisa.

Kisha akatupandisha kwenye vilima vya mchanga. Ni vifupi, lakini kila ukipanda unateleza kurudi, na mapaja yaliwaka moto. Alituagiza tufuatane kwenye mstari mmoja, tusikanyage mimea inayoshika mchanga. Nilimpenda kwa hilo. Mvua inayonyesha juu ya vilima hivi hudidimia na kuhifadhiwa chini, na visima vya Shela vinavyonywesha mji wa Lamu vinategemea maji hayo. Anayevichezea anachezea mtungi wetu.

Kipungani tulipumzika kwa madafu. Wanawake wa kijiji ni wasukaji wa mikeka na vikapu, nami nikanunua mkeka. Tulisubiri maji yajae kidogo ndipo mashua ikaturudisha mjini. Bei ya kiongozi na ya mashua ni mapatano, na mkiwa kundi mnagawana, kwa hiyo patana yote mawili kabla ya kuondoka, na uhakikishe mashua itakuwa inakungoja.

Yapo ya kulalamikia. Hakukuwa na sanduku la huduma ya kwanza, na mtu akijikata kwa chaza kati ya njia hakuna duka wala zahanati. Mashua haikuwa na turubai, nasi tulikuwa tumeshashiba jua. Nilimweleza ami, akakubali kwamba sanduku ni haki ya mteja. Maji ya kunywa ni juu yako: lita tatu kwa mtu si nyingi.

Mwenye nguvu zake na anayetaka kujipima aende wakati wa kusi, upepo utamjia usoni karibu njia nzima. Mimi nilikwenda kaskazi, ukinisukuma mgongoni, na bado niliisikia miguu. Anayekuja kutoka Nairobi aangalie mwezi kabla ya kukata tiketi. Tarehe zake zikiangukia maji mafu, siku ambazo bahari haipwi sana, amwombe kiongozi njia ya Matondoni, iliyo ndani ya kisiwa: ni fupi zaidi, ina minazi, na mwishoni atawakuta mafundi wa majahazi kazini.