Hoteli ya mama pale Hola karibu na soko: nimekula siku nne na nitarudi

Huku Malindi ukimwambia mtu unaenda Hola, kule kaunti ya Tana River, anakuuliza kwani umefanya kosa gani, watu wanauchukulia ule mji kama mahali pa kupelekwa transfa ya adhabu. Na mimi nilikuwa nishapita pale mara tatu hivi kwa basi la Garissa bila kushuka, maana mji wenyewe hauko barabarani, inabidi ukate uingie ndani upande wa mto, so wengi tunapita na tunasema tunaijua Tana River kumbe tunajua lami tu.

Desemba iliyopita nikawa na karatasi ya kufuatilia kwa ofisi moja, nikapanga niende asubuhi nirudi kesho yake. Nikaambiwa anayesaini hayuko, kesho. Kesho nayo ikazaa kesho, jumla siku nne. Guest niliyolala sitaisema, feni ilikuwa inazunguka kama imelazimishwa na saa sita usiku stima inapotea, na joto la Hola jamani si la kuhadithiwa. Lakini kwa sababu ya hizo siku nne nikapata hii hoteli na ndo maana naandika.

Haina bango. Mabati, benchi za mbao, meza nne zimefunikwa na ile plastiki ya maua, jiko liko nyuma nje. Ukifika soko uliza tu kwa mama wa kambare, hata mtoto atakuonyesha.

Tuanze na huyo kambare. Mimi ni mtu wa bahari, nimezoea changu na tafi, samaki wa mto nilikuwa nawaogopa juu ya ile harufu ya tope. Siku ya kwanza nikaagiza maharagwe. Mama akaniangalia akasema, "Mwanangu, umetoka Malindi mpaka hapa uje kula maharagwe?" akaniletea kipande kimoja kwa kisahani nionje bure. Wallahi sikuonja tope hata kidogo. Nikaenda nyuma nikamuomba anionyeshe, kumbe anamsugua kwa jivu mpaka ule ute wote utoke, anaosha, anampaka ndimu na chumvi anamwacha akae, halafu anamkaanga kidogo kwanza ndo anamwingiza kwa nyanya na tui. Nyama yake ni laini ina mafuta na miba ni mikubwa unaiona, hata mtoto anakula. Kwa wali ilikuwa 250, kwa ugali 200, na kipande si cha kuhesabiana. Siku tatu zilizobaki sikula kitu kingine mchana.

Asubuhi ni mahamri kwa mbaazi na chai ya maziwa, na hiyo chai nataka niisemee. Maziwa yanaletwa na mama mmoja wa Kiorma, anatembea kutoka nje ya mji na kidumu chake, saa kumi na mbili na nusu ashafika. Mwenye hoteli ni Mpokomo. Siku ya pili nikamuona amemwambia maziwa ya jana yamebaki kidogo lakini akachukua lita tano vilevile, akamuwekea chai na mahamri mawili wakakaa benchi moja wanaongea mambo ya watoto wao shule. Kwa mtu mgeni ni kitu kidogo hicho. Lakini kama unakumbuka 2012 mpaka mwanzo wa 2013 kule chini delta ya mto Tana, Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji walikufa zaidi ya watu 100 kwa ugomvi wa maji, mashamba na malisho, sisi Malindi tulipokea watu waliokimbia na nguo za mwilini tu, basi ukiona hao wawili kwa benchi moja unanyamaza unakunywa chai yako. Nilimuuliza mama kama hata wakati ule alikuwa anachukua maziwa kwake. Akaniambia kulikuwa na wiki hakuja, aliogopa, na alipokuja walilia wote wawili halafu akapima maziwa. Hakuongeza kitu na mimi sikuuliza tena.

Mboga zake ni mchicha na sukuma, zinatoka skimu, ile ya umwagiliaji, zinaingia asubuhi bado zina maji. Kuhusu hiyo skimu nilifundishwa na mzee mmoja anayekaa meza ya kona, yeye huja kila siku saa sita na mama hamwulizi anataka nini. Mimi shuleni nilisoma Hola ni mstari mmoja tu wa historia. Mzee akaniambia mifereji ya mwanzo ilichimbwa na wafungwa wa Mau Mau, na tarehe 3 Machi 1959 kundi la wafungwa 88 likatolewa kwenda kulazimishwa kazi, wakapigwa marungu mpaka 11 wakafa. Mkoloni akatangaza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Maji! Anasema hayo huku ananimiminia maji kwa gilasi kutoka jagi la pale mezani, na ni kweli, ukisoma ile taarifa ya kwanza ya serikali ndivyo ilivyodai, mpaka uchunguzi ukaonyesha ni kipigo, na kelele zikafika bunge la Uingereza. Akaendelea na pamba iliyolimwa pale baadaye, na vile mwaka 1989 mto ulihama ukaziacha pampu na skimu ikafa miaka mingi watu wakakaa wanangoja chakula cha msaada, mpaka ikafufuliwa. Nilikuwa nimekaa pale na sahani ya mchicha mbele yangu naona aibu kwamba nimefika umri huu sijui.

Sasa kasoro maana zipo. Mchana usiende saa saba, wafanyakazi wa kaunti wanashuka wote kwa pamoja na utangoja dakika 40 na msichana anayehudumia ni mmoja, anakimbia mpaka unamuonea huruma. Nzi wakati wa maembe ni wengi sana, mama anaweka mkaa na ubani lakini hawaishi. Choo ni cha soko si chake, beba shilingi 10 na tishu yako. Na chenji ni shida, mwenye noti ya elfu atatumwa kwa duka la pili la tatu, bora ulipe M-Pesa ikiwa netiweki imeamka.

Kitu kingine kilichonigusa ni daftari. Ana daftari la kaunta la watu wanaokula kwa deni, walimu, vijana wa boda, makarani. Tangu kaunti zianze 2013 Hola ikawa makao makuu na mama anasema biashara ilipanda kweli, watu wa mikutano, semina, madereva. Lakini hela za kaunti zikichelewa kutoka Nairobi mishahara inachelewa, na mishahara ikichelewa ni yeye anayelisha mji kwa mwezi mzima kwa unga aliokopa dukani. Mafuriko ya Novemba 2023 barabara ya upande wa Garissa ilikatika, bei ya unga ikapaa, vijiji vya kando ya mto vikahamia kambi, na yeye hakufunga, alipunguza ukubwa wa chapati badala ya kupandisha bei, na aliwaambia wateja wazi kabla hawajaagiza. Nimeshakula hoteli kubwa Mombasa zikikupunguzia nyama kimyakimya, so mimi hapo nampa heshima zote. Wanaotoka semina wakaagiza sahani ishirini halafu wakaondoka na gari wakisema tutatuma, tafadhalini tumeni. Nililiona hilo daftari, kuna kurasa za watu ambao hawaishi Hola kabisa.

Karatasi yangu ilisainiwa siku ya nne saa tisa. Nilikuwa niwahi gari la Malindi, nikapita kuaga, mama akafunga mahamri sita kwa gazeti akakataa pesa, eti barabara ni ndefu na sisi watu wa pwani hatujui njaa. Yalifika Minjila matatu.

Kama unapita njia hiyo, shuka, boda kutoka barabara kuu mpaka soko mimi nililipa 50. Chai nenda kabla ya saa mbili, chakula cha mchana fika saa tano na nusu kambare akitoka jikoni maana saa nane ashaisha na hapiki tena mara ya pili. Jioni kuna chapati na nyama ya mbuzi ya mchuzi, nzuri tu ila si ya kukufanya ukatishe safari. Juisi ya embe haiwekwi sukari wala maji, 50 gilasi kubwa. Na maembe ya kubeba nyumbani nunua kwa wale kina mama waliokaa chini nje ya mlango, ndoo moja niliuziwa 150, chagua zile za aina ya ngowe zilizoanza kugeuka rangi tu, zilizoiva kabisa zitakufikia zimepondeka.