Kwa wote mliopanda Pijo (Peugeot) za Malindi: hii gereji ya magari ya zamani

Nianze na lililonifurahisha kuliko yote: katika gereji hii hakuna gari hata moja linalodanganya. Wana Peugeot 404 nyeupe, inawaka na inatembea, na hawakuibandika namba ya mashindano mlangoni. Nilimuuliza kijana anayepokea wageni kama ilipata kukimbia mashindano ya magari ya Safari Rally. Akajibu bila kusita, "La, mzee. Hii ilikuwa ya mwalimu mkuu mmoja wa huku Kilifi. Ilimpeleka kazini na kumrudisha, basi." Mtu mwingine angeshaipaka mistari, akabandika majina ya madereva mashuhuri, na wageni wakalipa mara mbili. Hawa hawakufanya hivyo, na kwa hilo peke yake nawapa heshima yangu.

Mimi nimeendesha Pijo 504 ya abiria, Malindi na Mombasa, kisha Malindi na Garsen, mpaka macho yakaanza kunisumbua usiku. Kwa hiyo naandika kama mtu wa kazi.

Gereji yenyewe ni ua wa mabati nyuma ya barabara iendayo Lamu. Usitarajie jumba la makumbusho. Upande mmoja mafundi wanatengeneza magari ya wateja kama kawaida, na upande wa pili ndio wa wapenzi wa magari ya kale: vijana wa mjini, mafundi wawili watu wazima, na mzee mmoja Mwitaliano aliyehamia hapa zamani na Kiswahili chake ni cha Malindi hasa. Kiingilio shilingi 300, watoto 100. Mjukuu wangu alipewa spana ashike na hakuna aliyemkemea.

Historia ya Safari Rally wameipanga ukutani kwa picha, kuanzia 1953. Mwaka huo ndipo mashindano yalipoanzishwa, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalikuwa ya dukani, na makundi yakagawanywa kwa bei ya gari. Kijana alilieleza jambo hili vizuri. Maana yake ni kwamba mtu mwenye Volkswagen yake ndogo alishindana na wa kiwango chake, na mwaka uliofuata, 1954, ni hiyo hiyo Volkswagen iliyoshinda mikononi mwa Vic Preston na D. P. Marwaha. Watazamaji waliokaa kando ya njia waliliona gari wanalolijua, la daktari, la bwana shamba, la padri, likipita limejaa matope hadi kwenye paa. Hapo ndipo watu walipoyapenda mashindano yale, na mimi nakubaliana na maelezo hayo kabisa. Gari la leo la mashindano ni la ajabu kulitazama, lakini hakuna jirani yako anayelo.

Mbele ya picha za 404 nilisimama mpaka mjukuu akanivuta kanzu. Gari hili lilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Mashindano yalikuwa wakati wa Pasaka, masika ndiyo yanaanza, na miaka ya 1963 na 1968 mvua haikumhurumia mtu: kila mara magari saba tu ndiyo yaliyomaliza, na mara zote mbili waliotangulia ni Nick Nowicki na Paddy Cliff. Miaka miwili ya katikati ilikuwa ya Bert Shankland kutoka Tanzania. Kwa nini 404? Fundi hakunijibu kwa mdomo. Alifungua boneti, akanionyesha injini ilivyolazwa upande, kisha akakanyaga bampa la nyuma gari likazama taratibu na kuinuka taratibu. Springi ndefu, laini. Gari gumu likigonga shimo hupasuka, linalonepa hufika. Sisi tuliobeba abiria na magunia ya nazi juu ya kerea tulilijua hilo kwa migongo yetu, na ndiyo sababu Pijo zilitawala njia za nchi hii miaka yote ile.

Joginder Singh wamempa ukuta wake, na anastahili. Mwaka 1965, yeye na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, kisha akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Sisi tulimwita Simba. Ukipita na gari kwa kasi kidogo, abiria wa nyuma anakuuliza, "Wewe Joginder?" Shekhar Mehta naye yupo, mshindi mara tano: 1973, halafu 1979 hadi 1982 mfululizo. Ile ya 1973 alimaliza kwa pointi sawa sawa na Harry Källström, wote wakiwa na Datsun, na ushindi ukampata yeye. Siku hizo redio ya Sauti ya Kenya ilikuwa haizimwi stendi nzima. Baada ya hapo picha zinapungua, na miaka ya karibuni wameipitia haraka: mashindano yalipotoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, yaliporudi Naivasha 2021. Sikuona ubaya, hayo yapo kila mahali.

Chumba cha pili ndicho nilichokijia. Ni cha barabara yetu ya Pwani. Kuna picha ya daraja la zamani la Nyali, lile lililoelea juu ya maboya kuanzia 1931 mpaka lilipojengwa hili la sasa 1980. Kuna feri ya Mtwapa ya zama za wazee, iliyovutwa kwa mnyororo na wanaume waliokuwa wakiimba huku wakivuta. Na kuna feri ya Kilifi, tuliyoivuka mpaka daraja lilipofunguliwa 1991. Anayepita Kilifi leo anatazama bahari dirishani kwa muda mfupi na kusahau. Sisi tulikuwa na foleni. Akina mama wa korosho walijua ratiba zetu kuliko wenye magari. Maji yakijaa unaingia kama unaingia nyumbani kwako, lakini maji yakipwa mteremko unakuwa mkali, na 504 iliyojaa mizigo nyuma inaburuza mkia chini, kwa hiyo unaingia kwa pembe, tairi moja kwanza, na taniboi, msaidizi wako, amesimama mbele anakuongoza kwa mikono. Abiria wote wameshuka. Akikosea yeye, umezama wewe.

Sasa taniboi huyo hayumo ukutani. Hili ndilo lalamiko langu kubwa na niliwaambia pale pale. Kuna picha nzuri sana ya gari la mashindano limekwama topeni, na wanaume kama kumi hivi wamelisukuma, matope hadi kiunoni, mmoja anacheka. Dereva ameandikwa jina. Msaidizi wake ameandikwa jina. Aina ya gari imeandikwa. Hao wengine wameitwa "wenyeji wakisaidia". Na maandishi yenyewe ni ya Kiingereza na Kiitaliano tu. Kiswahili unakipata kwa mdomo wa kijana, naye siku asipokuwepo mtoto wa shule wa Malindi atatoka na picha tu. Barabara hizi zilipitika kwa sababu kuna watu walivuta minyororo, walikata matawi na kuyatandika chini ya tairi, walilala Garsen kungoja Tana ipungue. Baadhi yao wako hai, wanaswali msikiti mmoja nasi. Kuwarekodi hakuhitaji fedha, kunahitaji simu na subira ya kumsikiliza mtu mzima mpaka amalize.

Walisikia. Fundi mkubwa alitoa daftari akaandika majina niliyompa ya watu wa kuwatafuta, wa feri na wa barabara ya Garsen, na akaniuliza ni nani kati yao mgonjwa ili waanze naye. Swali hilo lilinigusa.

Kuhusu utunzaji, nawasifu kwa moyo wote. Adui wa gari hapa ni upepo wa bahari wenye chumvi. Unaanza kula chini ya milango na kwenye sakafu, na ukiona kutu juu ujue chini kumekwisha. Wao wanaosha chini kwa maji yasiyo na chumvi kila baada ya kutembeza gari, wanakausha, kisha wanapaka sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa mbao za majahazi. Harufu yake ni kali, mwambie mkeo mapema. Lakini niliinama na tochi nikaangalia sakafu ya 404 mwenyewe, na bati ni zima. Picha ndizo zinazonitia wasiwasi. Zimetundikwa wazi, ukuta una unyevu, na ile ya feri ya Mtwapa imeanza kujikunja pembeni. Wafanye nakala kabla ya masika.

Tukapanda hiyo 404. Safari ya Mambrui na kurudi ni shilingi 1,500 kwa gari, mnaingia wanne. Gia iko kwenye usukani, na fundi anaiingiza kwa vidole viwili, inavyotakiwa. Injini ilipowaka nilisikia inakosa kidogo ikiwa imetulia. Nikamwambia, "Fundi, hebu tazama platini." Hakukasirika. Alizima, akafungua kifuniko cha distribyuta, zinamokaa hizo platini za kuwashia moto wa plagi, akaingiza geji, akakaza, akawasha tena. "Ahsante, babu. Umesikia kweli." Baada ya hapo ilikwenda vizuri mpaka tukavuka daraja la Sabaki, mto umejaa udongo mwekundu, na kijana akamweleza mjukuu wangu kwamba njia hii ikienda mbele inafika Garsen, kisha Witu, kisha Mokowe, na hapo gari linasimama kwa sababu Lamu ni kisiwa. Mjukuu akauliza watu wa Lamu walikuwa wanapanda nini kwenye mashindano yao. Punda, akaambiwa, na ni kweli, mpaka leo.

Kurudi wanapita polepole, hawakimbizi gari kumfurahisha mgeni, hata yule kijana wa Kijerumani tuliyekuwa naye aliposisitiza. Ni uamuzi mzuri. Vipuri vya 404 havipatikani kirahisi, na bampa likipondeka hakuna la kubadilisha.

Viti vya kupumzikia havitoshi na jua la saa saba chini ya mabati halivumiliki. Choo ni safi. Chai ipo, ya tangawizi, bila malipo, na mahamri mnanunua kwa mama aliye getini.

Nenda asubuhi. Ukitaka kupanda gari waambie siku moja kabla, kwani lazima waliandae. Ijumaa wanafunga adhana ikikaribia na kufungua tena baada ya swala. Jumapili upande wa magari ya zamani haufunguliwi. Na yeyote mwenye picha ya feri ya Kilifi, au ya Pijo za stendi yetu ya zamani, awapelekee wapige nakala. Wanairudisha picha yako siku hiyo hiyo, na wanakuuliza majina ya kila aliyemo.