Fundi saa wa Ngamiani na alama ya 8/83

Kama una saa ya zamani iliyolala kabatini, mpelekee fundi mwenye meza ya kioo barabara ya 8, Ngamiani, hapa Tanga mjini. Mimi nilimpelekea Seiko 5 ya marehemu baba, ile isiyotumia betri, inayojijaza kwa mtikisiko wa mkono. Aliniambia siku tatu, zikawa sita, na risiti hatoi. Hilo sikulipenda. Lakini kazi yake ni safi: aliosha kila kigurudumu, akatia mafuta kwa ncha ya sindano, akabadilisha kioo na mpira wa kuzuia maji. Nililipa shilingi 40,000 na sijutii hata senti.

Siku ya kwanza, alipofungua mfuniko wa nyuma, alinyamaza. Akavua lenzi ya jichoni akanipa. "Mwalimu, hebu tazama mwenyewe."

Mafundi saa wana desturi ya kukwaruza alama ndani ya mfuniko wakimaliza kazi. Niliona kinyota, na pembeni yake 8/83. Kinyota kile ni alama ya baba yake huyu fundi, aliyemrithisha kazi na meza. Na Agosti 1983 ndio mwezi niliozaliwa mimi. Mwili wote ulinisisimka. Shangazi, niliyekuwa naye, akasema palepale, "Huyo baba yako, mwanangu. Anakuita."

Mimi nafundisha hesabu. Kila mwaka nawaonyesha wanafunzi kwamba wakikusanyika watu 23 tu, uwezekano wa wawili kuwa na siku moja ya kuzaliwa unapita nusu. Wakiwa 50, unafika asilimia 97. Hawaamini, kwa sababu kila mmoja anamtafuta pacha wake mwenyewe, wakati watu 23 wana jozi 253. Basi nikairudia lenzi. Alama mle ndani zilikuwa nne. Moja 2/79, nyingine 11/88, ya tatu imefutika. Hizo hazikunishtua, wala nisingemsimulia mtu. Na kinyota je? Baba alikuwa mtu wa reli, hapahapa Tanga, na mafundi saa wa mjini enzi hizo walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Angempelekea nani mwingine? Nilimweleza shangazi yote hayo huku machozi yananitoka. Hakukubali, nami sikumshikilia.

Jioni nikampigia mama, yuko Muheza. Akacheka kwanza. "Usiku uliozaliwa saa ile ilisimama. Mkunga anauliza saa ngapi, baba yako anaitikisa tu. Kulipokucha akaipeleka kwa fundi, akaapa mtoto wa pili hatazaliwa bila saa."

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Mchana kutwa nilibishana na shangazi kama ni bahati au ni ishara, kumbe tarehe ile iliandikwa kwa sababu yangu. Hesabu zangu zilikuwa sawa, ila nilikuwa nimesahau kuuliza kwa nini baba alikwenda kwa fundi mwezi ule.

Ukienda, nenda asubuhi. Ijumaa hufunga mapema kwa ajili ya swala. Na usimharakishe. Nilipoifuata saa alikuwa bado hajafunga mfuniko, nikamwomba akwaruze alama yake chini ya kinyota cha baba yake. Aliinama dakika nzima, mkono wake haukutikisika.