Nyaya za plagi kwa gari la zamani: ukiwa Mtwara, anza na vibanio

Kabla hujatoa pesa, subiri giza liingie. Fungua boneti, washa injini, zima taa zote, kisha nyunyizia nyaya za plagi maji kidogo kwa chupa ya kupulizia, ukiweka mikono mbali. Ukiona vicheche vya buluu vinatambaa juu ya waya au vinaruka kwenda kwenye bloku, ngozi ya waya imekufa na unahitaji seti mpya. Usipoona kitu, na gari bado inamisi ukiikanyagia mlimani, huenda nyaya zako ni nzima ila zimepangwa vibaya. Hapo kinachotakiwa ni vibanio, na vibanio ni vitu vya bei ndogo.

Mimi nilijifunza hili baada ya kutumia pesa. Nina Land Rover 109 ya petroli, ya silinda nne. Nilinunua nyaya nyekundu nene, milimita 8, nikazikusanya pamoja na kuzifunga kwa mpira wa tyubu ili zisicheze. Zilipendeza. Kwenye tambarare ya Mikindani gari ilikwenda vizuri, lakini nilipoipandisha kutoka Masasi kwenda Newala ikaanza kupiga chafya kwenye kabureta na kukosa nguvu kabisa. Fundi mmoja mtu mzima aliangalia mara moja tu. "Mwanangu, hizi umezifunga kama mzigo wa kuni," akaniambia. Alikata ule mpira, akazitenganisha kwa vidole, tukapanda.

Sababu yake ni hii. Injini yangu inawaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Namba 3 inapopigwa cheche, zamu inayofuata ni ya namba 4. Wakati huo pistoni ya 4 iko chini, silinda imejaa hewa na petroli, na valvu ya kuingiza bado haijafunga sawasawa. Waya wa 3 na wa 4 zikilala sambamba, zimegusana kwa urefu wa shubiri, umeme mkubwa unaopita kwenye wa 3 unaamsha umeme kwenye wa 4. Cheche dhaifu inatoka mahali pasipo pake, na moto unarudi kwenye kabureta. Namba 2 na 1 nazo zina ujirani huohuo. Toyota Corolla ya injini ya 3K inawaka kwa mpangilio uleule, na Peugeot 504 pia. Volkswagen Beetle ni 1-4-3-2, kwa hiyo 4 na 3, ambazo ziko upande mmoja, zinafuatana. Kwa Land Rover ya V8 chunga 5 na 7: zinakaa jirani na zinawaka moja baada ya nyingine. Nyaya za jozi hizi zipe nafasi ya vidole viwili angalau, na kama hapana budi zikutane, zipishane kama njia panda.

Sasa ununuzi wenyewe, na naanza na vibanio kwa sababu ndivyo watu wanavyovisahau.

Ninachokiweka mbele ya vyote ni klipu za asili za gari lenyewe, zile za chuma zenye mpira ndani au za plastiki ngumu, zinazofungwa kwenye boliti za injini. Zilichorwa na waliotengeneza injini, zinaupa kila waya njia yake, na zinahimili mtikisiko wa barabara za vumbi. Zitafute kwenye magari yaliyokufa nyuma ya gereji. Kagua mpira wa ndani: ukiwa umepasuka na chuma kinagusa waya, klipu hiyo iache.

Cha pili ni kibanio cha plastiki chenye meno kama kitana, kila waya kwenye jino lake. Kinatenganisha vizuri sana, ila hakishiki injini. Kinashika nyaya zenyewe tu. Kwa hiyo weka viwili, kimoja karibu na distribyuta, yaani kigawa umeme wa plagi, na kingine katikati ya safari. Usipokipata hapa, agiza Dar es Salaam, kinafika na basi.

Vifungo vya plastiki vya kukaza navipa nafasi ya tatu, kwa sharti moja: fanya umbo la namba nane, kitanzi kwa kila waya na kifungo kingine kidogo kikikaza katikati. Ukizungusha kifungo kimoja kwenye nyaya nne umerudi kwenye mzigo wa kuni. Na karibu na eksozi vinakauka na kukatika, hivyo huko usivitumie.

Tepu ya umeme usinunue kwa kazi hii. Gundi yake huyeyuka kwa joto, hushika vumbi na mafuta, na vumbi lenye unyevu wa chumvi linapitisha umeme. Mpira wa tyubu, ambao sisi hapa tunafungia kila kitu kuanzia baiskeli hadi magunia ya korosho, ni mbaya zaidi kuliko unavyodhani: weusi wake ni masizi ya kaboni, na kaboni inaweza kuvujisha umeme mkubwa. Waya wa kufungia nondo usiusogeze kabisa kwenye nyaya za plagi.

Kwa nyaya zenyewe, chaguo langu kwa magari mengi ni silikoni ya milimita 7 yenye moyo wa kaboni. Silikoni inavumilia joto na haipasuki haraka kama mpira wa kawaida, na kaboni inapunguza mngurumo kwenye redio. Unene wa 7 una faida nyingine: ndio unaoingia kwenye klipu za asili. Zile nyekundu zangu za 8 hazikuingia, na ndiyo maana nilikimbilia tyubu. Nene hazina ubaya ukizipatia vibanio vya saizi yake, lakini kwa gari yenye platini (swichi ndogo ya ndani ya distribyuta inayokata umeme ili cheche itoke) na koili ya kawaida hutaona tofauti ya nguvu.

Nyaya za moyo wa shaba zinashika nafasi ya pili kwa jumla, ila kwa kifuniko cha distribyuta cha Lucas kile cha zamani, ambacho skrubu inachoma waya ili kuushika, zinakuwa za kwanza bila ubishi. Skrubu hiyo haipati kitu cha kushika kwenye uzi wa kaboni. Shaba inadumu miaka mingi, lakini redio italalamika. Punguza kelele hiyo kwa plagi zenye ukinzani ndani. Kwa NGK utaijua kwa herufi R, mfano BPR6ES badala ya BP6ES, mradi namba ilingane na injini yako. Nyaya za waya uliosokotwa kama springi ni nzuri sana kwa gari iliyobadilishiwa platini ikawekewa mfumo wa cheche wa elektroniki. Kwa wengine ni gharama ya ziada. Za mtumba sizipendekezi: kaboni huchoka kimyakimya.

Dukani nenda na mita ya kupimia ukinzani wa umeme. Pima kila waya kutoka ncha hadi ncha. Kwa nyaya za kaboni Toyota huweka kikomo cha omu 25,000 kwa waya mmoja; shaba isome karibu na sifuri. Kisha pinda waya utazame kama ngozi ina nyufa, na linganisha urefu na seti yako ya zamani. Waya mrefu mno utalegea mpaka kwenye chuma cha moto, na mfupi utavutwa kila injini inapotikisika. Kwenye Land Rover ya silinda nne una nafuu, kwa kuwa eksozi iko upande wa pili wa plagi. Kwenye V8 nyaya zinapita juu yake, kwa hiyo huko klipu si za kuahirisha.

Badilisha waya mmoja mmoja ili usipoteze mpangilio, na unapochomoa shika kikofia, ule mpira wa kwenye ncha, usivute waya. Ongeza tyubu ndogo ya grisi ya silikoni kwenye ununuzi wako. Hewa ya bahari kutoka Mikindani hadi Lindi inageuza ncha za shaba kuwa kijani. Paka kidogo ndani ya kila kikofia, na urudie kabla mvua za Desemba hazijaanza.